Mwaka Niliomfundisha Banza Kuachia

Habari ya kifo cha Banza ilinikuta Lubumbashi, nimekaa barazani nachambua sombe, majani ya muhogo, ya kupeleka kwa jirani anitwangie, maana nyumbani kwangu hakuna kinu wala mchi na mtaa mzima unanicheka kwa hilo. Aliyepiga simu ni Mama Ngoie, mjane wa mwalimu wetu wa judo, bibi kizee asiyesikia vizuri siku hizi na ambaye kwa hiyo hupiga kelele ili sisi tumsikie. "Kapinga! Ule mutoto yako mubaya alikufa!" Nikamwuliza mtoto yupi, kwa sababu niliwafundisha wabaya wengi. "Banza! Banza wa mukono! Shimo ilimuangukia kule Musonoi, eko anabeba mifuko ya mawe. Kuya tulie." Niliweka simu chini nikaendelea na sombe, na baada ya muda nikaona kwamba mabua nimeyatia kwenye beseni na majani nimeyatupa. Mukendi, niliyemlea tangu ana miaka kumi na ambaye majirani wanadhani nimemzaa, alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi. Alikuwa amesikia yote, kama mtaa wote ulivyosikia. Hakuuliza kama tutakwenda. Aliuliza tutaondoka saa ngapi.

Mwaka ninaousema ni wa siku za mwisho za Zaïre, nchi ilipokuwa bado inaitwa hivyo ingawa hata jina lilikuwa limechoka. Nilikuwa na miaka ishirini, nina mkanda wa kahawia na ulimi mrefu, na Maître Ngoie (kila mwalimu wa judo tulimwita Maître), karani wa migodini aliyeanzisha klabu nyuma ya parokia pale Musonoi, mtaa wa Kolwezi, alinikabidhi watoto kwa sababu, alisema, yeye hana subira na mimi sina bwana. Habari za ukoo wangu nitaziacha. Mwaka ule ukoo ulikuwa neno moja tu: sisi ni watu wa Kasai. Nilizaliwa Kolwezi, huku huku Katanga, mama yangu alizaliwa Kolwezi, na ungeniuliza Kasai iko upande gani ningekuonyesha mlango wa choo. Lakini neno ni neno, na lilikuwa linatungoja.

Ukumbi wetu ulikuwa ghala la zamani la saruji. Mkeka tuliutengeneza wenyewe: magunia yaliyojazwa maranda ya mbao, juu yake turubai, pembeni vipande vya mkanda wa mpira uliochakaa kwa kubeba mawe mgodini. Mvua ikinyesha maranda yalivunda, na watoto walirudi makwao wananuka ukungu mpaka mama zao wakajua bila kuuliza nani alikuwa wapi. Kimono zilishonwa kwa mifuko ya unga, na mgongoni mwa wengine bado ungeweza kusoma jina la kinu. Shimo la mgodi lilikuwa karibu. Walipolipua mwamba alasiri, mabati yalitetemeka na vumbi likatushukia vichwani, na mwanzoni watoto wadogo walilia. Nikaligeuza kuwa somo: mlipuko ukisikika, kila mtoto aanguke pale alipo, kidevu kifuani, kiganja kikipiga mkeka. Baada ya muda walikuwa wanaungojea kwa hamu. Naweza kusema watoto wa Musonoi nimewafundisha kuanguka kwa baruti, na sijui mwalimu mwingine anayeweza kujisifu hivyo.

Judo ina sheria moja ambayo bila hiyo si mchezo tena, ni mauaji. Mtu akibanwa shingo au mkono na hana pa kutokea, anagonga kwa kiganja, mkekani au mwilini mwa mwenzake, na yule aliyembana anaachia. Anaachia hapo hapo. Hangoji kuona kama mwenzake anatania, wala hajiongezei kidogo cha kumkomoa. Watoto wengi waliielewa sheria hii siku ya kwanza. Banza hakuielewa. Alikuwa na miaka kama kumi na mitano, mabega ya mtu mzima, mtoto wa familia iliyotoka kaskazini ya Katanga kufuata kazi, na Maître Ngoie, aliyependa kuoanisha wakubwa na wadogo, alimpa Mukendi kuwa mwenzi wake wa mkeka. Mukendi alikuwa mwembamba, wa Kasai kama mimi, mdomo wake ndio uliokuwa na misuli. Banza alimkaba, Mukendi akagonga, na Banza akaendelea kukaba mpaka mimi nikamvuta kwa sikio.

"Banza, aligonga. Juu ya nini haukumuacha?"

"Nilisikia, Maître. Lakini mikono ilikuwa ingali inataka."

"Ati mikono!" Mukendi akasema, bado anakohoa. "Mikono ni ya nani? Ya jirani?"

Sikulipenda jibu la Banza, ila nilijua ni la kweli. Hakuwa mkatili. Kichwa chake kilisikia, na kilipomaliza kusikia mikono ilikuwa mbali. Nikaamua kwamba kazi yangu ya mwaka ule ni mikono ile, na mengine yote yatasubiri. Maître Ngoie alitikisa kichwa akasema samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikuwa ameanza kukauka. Nilimfunga Banza macho kwa kitambaa changu cha kichwa ili asiwe na kitu cha kufikiria isipokuwa kiganja cha mwenzake. "Mukono isikie mbele ya kichwa," nilimwambia kila siku, "kichwa itakuya nyuma." Na kwa kuwa maneno hayakutosha, nilimpiga pale alipoumia, yaani tumboni.

Klabu yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Baada ya mazoezi Mama Ngoie aliwapikia watoto nyuma ya ukumbi, bukari, ndio ugali wetu, na mboga ya lengalenga, na siku za heri samaki wadogo wa kukausha tuliowaita fretin. Wenzi wa mkeka walikula sahani moja. Maître Ngoie alisema huwezi kumvunja mkono mtu ambaye utamhitaji akusogezee mchuzi. Mimi nikaongeza sheria yangu: asiyeachia mwenzake akigonga, atangoja mwenzake ale kwanza. Kwa hiyo kwa wiki nyingi Banza alikaa amekunja miguu mbele ya sahani ya bati akimtazama Mukendi akinyonya vichwa vya fretin kimoja kimoja, taratibu, macho yamefumbwa kwa raha. Mama Ngoie alinung'unika kwamba mtoto mkubwa vile ananyimwa chakula. Lakini mikono ilianza kusikia. Siku moja, macho yamefungwa, Mukendi alimgusa tu na Banza akaachia, akabaki amepiga magoti na mikono wazi, anacheka peke yake gizani mwa kitambaa. Nilijivuna siku ile. Nilirudi nyumbani nikimsimulia kila mtu, hata waliokuwa hawajui judo ni nini.

Mukendi, bila shaka, akageuza jambo lile kuwa uchokozi. Banza alikuwa anatoka bombani na ndoo ya Mama Ngoie, amejaza hadi ukingoni, Mukendi akamnyemelea akamgonga mgongoni kwa kiganja. Ndoo ikaanguka. Mikono ya Banza ilifunguka yenyewe, maji yakamwagika mpaka jikoni na moto ukazimika. Mama Ngoie alitoka na mwiko akapiga wote wawili, na mimi nikaongezewa maneno: "Kapinga, uliharibu huyu mutoto! Batamugonga mu soko, ataangusha mifuko ya batu!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Banza mwenyewe alicheka kuliko wote, akiitazama mikono yake inayodondosha maji.

Sijui hasa lini tuliacha kucheka. Wakubwa wa siasa walikuwa wanapita na kusema kila mtu arudi kwao, na maneno yao yalifika Musonoi kwanza redioni, halafu kwenye kilabu cha pombe, halafu kwenye benchi la akina mama waliongoja watoto wao. Benchi hilo lilikuwa refu na walikaa wamechanganyikana, wakisukana nywele. Kisha nikaona mabenchi yamekuwa mawili, moja kila ukuta. Siku moja nikiwa nawafunga mikanda wadogo nilisikia nyuma yangu, kwa sauti ya kuongelea bei ya nyanya: "Bale batoto ya bilulu banafundishwa kupigana. Kesho batatupiga sisi." Na mwingine akajibu, "Na mwalimu mwenyewe ni nini? Shi naye ni kilulu?" Kilulu ni mdudu. Ndivyo tulivyoitwa mwaka ule, wadudu, na aliyejibu alikuwa mama ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimemsafishia mtoto wake kidonda cha goti. Niliendelea kufunga mikanda.

Halafu wakaja vijana wa wale wakubwa wa siasa. Nilikuwa jikoni kwa Mama Ngoie, ukuta mmoja tu na ukumbi, na mabati hayafichi siri. "Tata Ngoie, tuko na lazima ya ile salle. Na bale batoto bakubwa." Maître Ngoie hakugusia ukumbi, akasema, "Bale batoto ni ya judo." Sauti ikajibu, bila hasira, "Njo maana tunabataka." Mama Ngoie alikuwa anasonga bukari, akaacha kusonga, na mwiko ukabaki umesimama wenyewe sufuriani. Kisha tukasikia funguo zikiwekwa mezani. Siku ile Mama Ngoie alinijazia sahani kama ya mwanamume anayekwenda safari, na fretin wote waliobaki akaniwekea mimi. Maître Ngoie hakula. Alinisindikiza hadi barabarani akasema, huku anatazama viatu vyake, "Kapinga, juma yenye kuya usikuye. Sisemi nakufukuza. Nasema usikuye." Nilimchukia kwa muda mrefu. Leo namchukia kidogo tu, kwa sababu nimezeeka na nimeona watu wengi wakiweka funguo mezani.

Banza alikwenda na vijana. Kwao waliambiwa kwamba wadudu wakiondoka, kazi zao na nyumba zao zitabaki, na baba yake alikuwa hana kazi. Nilimwona mara moja, amefunga kitambaa chekundu kichwani, anapiga hatua pamoja na wengine nje ya ukumbi wetu. Aliponiona alianza kuinama kunisalimu kama mwanafunzi anavyomsalimu mwalimu mkekani, halafu akakumbuka, akanyooka.

Zamu ya mtaa wetu ya kufukuzwa ilifika mchana, jua kali. Watu walikuwa wanaelekea stesheni na vilivyoweza kubebeka, na mama yake Mukendi alikuwa ametangulia na godoro na mtoto mchanga. Mimi na Mukendi tulifuata nyuma. Nilikuwa na furushi kichwani, mchi wa mama yangu umechomoza pembeni, na Mukendi alikuwa amebeba sufuria ndani yake kimono yake imekunjwa. Njia ya stesheni ilipita mbele ya ukumbi. Vijana walikuwa wamekaa kwenye ngazi. Kiongozi wao, mtu mzima nisiyemjua, aliinuka akampokonya Mukendi sufuria, akaitikisa, kimono ikaanguka vumbini. "Huyu kilulu eko mupiganaji," akasema, na wote wakacheka. Mukendi, ambaye mdomo wake haukuwahi kumsaidia, akamwambia kwamba hata akiivaa haitamfanya mwanamume. Kicheko kikakatika. Kiongozi akageuka. "Banza, minya huyu. Minya mpaka anyamaze."

Banza alimkaba kwa nyuma. Alimkaba vizuri, mkono chini ya kidevu, kiwiko mahali pake, kama nilivyomfundisha mimi, na niliona uso wa Mukendi ukibadilika rangi. Nilipiga kelele nisizozikumbuka. Wawili walinishika. Mukendi hakupigana. Hakuuma, hakupiga teke, hakufanya lolote ambalo mtoto yeyote wa mjini angefanya. Alifanya kosa ambalo ni mtoto wa mkeka wetu tu angeweza kulifanya: alidhani bado tuko mchezoni. Aliinua kiganja akamgonga Banza mkononi.

Na Banza akaachia. Mikono ilifunguka kama ilivyofunguka siku ya ndoo, na yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua. Mukendi alianguka, kidevu kifuani, akabingirika akawa amesimama. Banza alibaki anaitazama mikono yake. Waliokuwa wamenishika walilegea kwa mshangao, nikatupa furushi nikamkamata Mukendi tukakimbia. Nyuma yetu nilisikia kiongozi akiuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Wewe ulimuachia kilulu?" Kwenye kona niligeuka. Walikuwa wameulaza mkono wa kulia wa Banza juu ya ngazi ya ukumbi, ngazi ambayo watoto walivulia viatu, na mmoja wao alikuwa ameokota mchi wa mama yangu. Tulikimbia. Sauti ilitufikia hata hivyo.

Ya stesheni yamesimuliwa na wengi, nami sina nguvu ya kuyarudia: mvua, kuhara, watu wanalala juu ya reli wakingoja treni isiyokuja. Ilipokuja tulipandishwa kwenye mabehewa ya mizigo, na njiani ilisimama stesheni ya Tenke mpaka wadhaifu walipomalizika. Mama yake Mukendi na mtoto mchanga tuliwazika pale, kando ya reli, kwa kuchimba na vifuniko vya sufuria. Mukendi hakusema neno hadi tulipofika Kasai, nchi yetu, ambako walituita watu wa Katanga. Miaka ilipopita tulirudi Katanga, lakini tuliishia Lubumbashi.

Basi miaka yote hii nimebeba hadithi moja kichwani: kwamba nilimfundisha mtoto kuachia, na kwa hiyo mtoto mwingine yuko hai. Ilinitosha. Nilipoamka usiku kwa sababu ya mchi, nilijisimulia. Niliingia kilioni kwa Banza nikiwa nayo, na sasa naona nilikuwa nataka kuisikia kutoka vinywani vya watu wake.

Walikuwa wamefunga turubai uani, viti vya plastiki kwa wanaume, mikeka kwa wanawake. Mjane wake, Mama Kabange, alinikumbatia mpaka nilipotaja jina langu. Hapo aliniachia akanitazama kwa utulivu. "Kapinga wa judo?" Nikaitika. "Mama, sitakuficha. Alikuwa anataja jina yako kila siku. Koleo ikimushinda, anataja. Bakikatala kumupa kazi, anataja. Alisemaka: Kapinga njo aliuaka mukono yangu." Tenda wema nenda zako, wanasema. Mimi nilikwenda zangu, na wema wangu ulibaki na Banza, ukila naye na kulala naye katika mkono usiokunjika. Mama Kabange aliniletea bukari na samaki, kwa sababu mgeni ni mgeni. "Batoto yake alibafundisha yote," akasema akiniwekea maji ya kunawa. "Kuanguka, kukaba. Alibaambia tu: mutu akigonga, musiache. Hata siku moja."

Nilinawa, sahani nikaisogeza pembeni. Mukendi alikaa upande wa wanaume, mikono magotini, hakuna aliyemjua. Watoto walikuwa wanacheza nyuma ya jiko kama watoto wanavyocheza kilioni, na kati yao alikuwepo mtoto wa mwisho wa Banza, miaka minane au tisa, mabega yale yale. Alikuwa amemkaba binamu yake. Mkono chini ya kidevu, kiwiko mahali pake. Yule binamu hakufundishwa na mtu, lakini mtu akikosa pumzi mkono hutafuta pa kugonga, naye alikuwa anagonga udongo kwa kiganja. Watu waliendelea kuzungumza. Katika ua mzima vichwa viwili tu viligeuka kwa sauti ile, changu na cha Mukendi.

Magoti yangu hayainuki haraka siku hizi. Mukendi alifika kwanza. Alichuchumaa mbele ya mtoto, hakumshika.

"Muache."

"Tata alisema tusiache," mtoto akajibu bila kulegeza. "Alisema ule mwenye kuacha ni mujinga."

Mama Kabange alikuwa amesimama na jagi la maji. Mukendi alifungua vifungo viwili vya shati, akaweka kiganja shingoni mwake, pale pale.

"Tata yako alinikaba hapa," akamwambia. "Nikamugonga. Akaniacha. Njo maana mi huyu, muzima."

Mtoto alimtazama Mukendi shingoni, kisha usoni, kwa muda ambao ulikuwa mrefu mno kwa yule wa chini. Kisha mikono yake ikafunguka.